Taa ya Kijani Langoni

Nukta nyekundu ilizimika saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Shangazi aliitazama skrini ya Nokia aliyoifunga kwenye usukani wa pikipiki. Ramani ilikuwepo. Barabara ilikuwepo. Nukta haikuwepo.

Akafunga breki. Yamaha ikateleza kwenye changarawe, ikatulia.

Mbele yake njia ziligawanyika. Kushoto, lami mpaka kwenye viwanda. Kulia, vumbi tupu mpaka kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Lori la Bwana Manukato lilikuwa limeshika moja kati ya njia hizo dakika sita zilizopita, na nyuma ya lori hilo, juu ya maboksi, alikaa shemeji yake.

Redio ikakwaruza sikioni.

"Shangazi, unaona nini?" Ndivyo Idara nzima ya Upelelezi ilivyomwita.

"Njia panda, Mkuu."

"Nukta?"

"Imekufa."

Mkuu wa Idara alivuta pumzi. "Na Fundi?"

"Fundi bado. Lakini wakiona alichovaa kiunoni, naye atakufa."

Fundi alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na alikuwa fundi mitambo wa Idara kwa miaka ishirini. Asubuhi hiyo aliingia kwenye lori akiwa amevaa kama kuli, suruali imepasuka goti, na chini ya shati amejifunga mtambo alioutengeneza mwenyewe. Aliuita Sabuni, kwa sababu ulikaa ndani ya kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni. Ndani mlikuwa na kijisimu kisicho na kioo wala vitufe, kile mafundi wanachokiita moduli. Kina laini yake, kina antena yake. Kila dakika moja kinaita na kusema: nipo hapa.

Alitengeneza Sabuni mbili. Moja alivaa. Ya pili aliibeba Shangazi, kwenye ndoo ya usafi iliyofungwa nyuma ya pikipiki.

Asubuhi ile ile, kabla hawajaondoka, binti mdogo wa Fundi alimfuata Shangazi mlangoni.

"Mama mkubwa, umrudishe baba kabla ya chakula cha mchana."

Utafikiri baba ni mwavuli ulioazimwa.

"Nitamrudisha," Shangazi alijibu. Na Shangazi hakuwa mtu wa kusema nitafanya halafu asifanye. Mungu husikia hata maneno ya mlangoni.

Waliyekuwa wakimfuata aliitwa Bwana Manukato kwa sababu harufu yake hufika mahali dakika mbili kabla yake. Alivaa saa kubwa kama kisahani. Alikuwa na suti saba, moja kwa kila siku ya wiki. Na mali yote hiyo aliipata kwa kuuza uchafu.

Betri.

Betri zilizokufa, zilizong'olewa kwenye kompyuta kuukuu nchi za mbali, zikavalishwa plastiki mpya ya zambarau na kupigwa muhuri wa nambari kubwa. Nyingine zilikuwa na kibetri kidogo tu cha kuhadaa mita. Nafasi yote iliyobaki kwenye kikopo ilijazwa unga, ili kiwe na uzito mkononi. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo alizileta kwa kontena. Bwana Manukato alizisambaza.

Safari hii zilikuwa zinakwenda zahanati za mbali, ndani ya masanduku ya kulinda vichanga. Waya mdogo unafungwa kwenye mguu wa mtoto. Mtoto akiacha kupumua, sanduku linampigia simu nesi. Masanduku mia nne. Betri ikiwa ya unga, sanduku halitamwita mtu.

Shangazi aliwahi kuwafukuza wauza bunduki. Aliwadharau, lakini si hivi. Bunduki zao angalau zililia.

Nokia ikatetemeka. Ujumbe kutoka Sabuni ya Fundi. Neno moja.

NIMEWAKA.

Shangazi akasubiri. Hakuna nukta. Dakika tano zikapita.

NIMEWAKA.

Kisha kimya tena.

"Mkuu," alisema, "mtambo haujaharibika. Una njaa."

"Una nini?"

"Njaa. Nani alinunua betri alizotumia Fundi?"

Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Ofisa Ununuzi. Alizipata kwa bei nzuri sana kwenye duka la..."

"Malizia, Mkuu."

"La Bwana Manukato."

Shangazi akatema mate kwenye vumbi.

Juzi walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo hilo, yeye na Fundi, kwenye meza ya karakana. Fundi aligusisha mita kwenye betri, mshale ukapanda.

"Volti nne nukta moja! Imeshiba, shemeji."

"Umeipima imelala."

"Betri ni betri."

"Kila mwanaume ni shujaa akiwa kitandani, shemeji. Mpe gunia alibebe, ndipo umpime."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Wewe fagia, mimi nifunge waya. Tusiingiliane kazi."

"Angalau weka kapasita, iwe na akiba ya umeme."

"Itavimbisha kisanduku. Mkuu anataka kitu chembamba."

Shangazi hakusoma umeme shuleni. Shule yake iliishia darasa la saba. Lakini marehemu mume wake alikuwa fundi redio, na kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyemshikia tochi. Mshika tochi huona yote anayoyaona fundi, na mengine ambayo fundi hayaoni.

Kwa hiyo alijua. Moduli ya simu ikiwa karibu na mnara hunong'ona, na kunong'ona hakugharimu kitu. Ikiwa mbali na mnara hupiga kelele. Kila kelele ni funda moja kubwa la umeme, ampea mbili kwa kufumba na kufumbua, kisha funda lingine, na lingine. Betri nzima hutoa bila kujali. Betri ya Bwana Manukato hukunja magoti. Volti zinaporomoka, moduli inazimia. Ikipumzika inapata pumzi ya neno moja, inadhani ndiyo kwanza imezaliwa, inasema NIMEWAKA, inaanguka tena.

Kule viwandani kulikuwa na minara mitatu. Sabuni ingenong'ona huko mpaka jioni bila kuchoka.

"Kulia," alisema. "Machimboni."

"Una hakika?"

"Betri mbovu haidanganyi, Mkuu. Anayedanganya ni aliyeandika nambari juu yake."

"Nakuja na kikosi."

"Kikosi kikae hapa njia panda. Wakisikia injini zenu kabla sijafika kwa Fundi, watamtupa shimoni. Nikimpata, nitaita."

"Ukishindwa kuita?"

Shangazi alikuwa ameshapiga gia.

*

Pikipiki aliilaza nyuma ya rundo la kokoto. Redio ya sikioni akaizika chini ya jiwe. Akafunga kitambaa kichwani, akashusha mabega, akashika ndoo, dekio na fagio. Mwendo wake ukabadilika. Sasa alikuwa mama yeyote wa usafi, aina ya mtu ambaye wakubwa hupita mbele yake wakizungumza siri zao.

"Wee mama! Simama hapo hapo!"

Mlinzi wa lango alitoka kibandani na shotgani begani. Shati lake lilikuwa na vifungo vitatu, na kila kimoja kilikuwa kwenye tundu la jirani yake.

"Shikamoo hakuna?" Shangazi aliuliza.

Mlinzi akababaika. "Shikamoo. Unakwenda wapi?"

"Kazini, mwanangu. Nimeambiwa kuna mgeni wa heshima humo, na choo chenu hakitazamiki."

Mlinzi akafikiri. Ni kweli choo kilikuwa hakitazamiki. Alitoka huko asubuhi akiwa amefumba macho.

"Nani kakwambia?"

"Aliyekwenda huko chooni."

Mlinzi akanyoosha kopo la maziwa lililokuwa na simu nyingine nne. "Simu humu. Bosi hataki simu ndani."

Nokia ikaingia kwenye kopo. Mlinzi akachungulia ndoo.

"Hiki nini?"

"Kisanduku cha sabuni."

"Na hivi?"

"Matambara ya choo. Shika uone."

Mlinzi akarudi nyuma hatua mbili. Chini ya matambara hayo ililala bastola yake ya Beretta, imefungwa kwenye nailoni, safi kama sahani ya mgeni.

"Ngoja kwanza," alisema mlinzi. "Hapa hapiti mtu bila hili."

Ukutani pa kibanda palikuwa na sanduku la kijivu lenye kitufe, taa mbili na antena. Kifuniko chake kilikuwa kimeanguka siku nyingi. Ndani zilionekana betri mbili za zambarau.

"Nikibonyeza, kwa bosi kunalia," mlinzi alieleza kwa majivuno ya mtu aliyefundishwa jambo moja tu maishani. "Bosi akikataa, hapa panawaka nyekundu. Akinyamaza, amekubali. Huku simu za kawaida hazishiki, ndiyo maana wakaleta haya. Mitambo ya ng'ambo."

"Mliijaribu?"

"Pale mjini, ofisini kwa bosi. Ilikwenda kama risasi."

Ofisi ya bosi ilikuwa chini ya mnara wa simu. Kila mtu mjini aliijua.

Mlinzi akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Ikafifia. Ikazimika. Ikawaka tena. Ikazimika.

"Imefika," alisema.

Shangazi alisogeza macho kwenye betri. 9900, ziliandikwa, kwa tarakimu nene za dhahabu. Betri ya kimo kile yenye nguvu zile haijazaliwa bado. Ni sawa na kuandika kilo thelathini kwenye mfuko wa kilo tatu.

"Hiyo kijani maana yake nini, mwanangu?"

"Imefika kwa bosi."

"Ahaa."

Maana yake ilikuwa: nimewaka. Basi. Sanduku lilikuwa limezimia mara mbili mbele ya macho yake, na mwenye sanduku alikuwa anatabasamu.

Wakangoja. Nusu dakika. Nyekundu haikuwaka.

"Bosi kakubali," alisema mlinzi. "Pita, mama. Choo kiko mkono wa kushoto, lakini utakijua tu."

Shangazi akapita.

Tajiri huyu alijenga ukuta wa mawe, akamwajiri mtu mwenye bunduki, kisha akamwachia adui ufunguo ndani ya betri ya unga. Aibu ilimpata Shangazi kwa niaba yake.

*

Banda lilikuwa refu, la mabati, na jenereta lilinguruma pembeni mpaka meno yakacheza.

Shangazi akadeki. Aliinama, akadeki, akatazama.

Meza sita. Juu yake mirija ya plastiki ya zambarau, pampu za hewa ya moto za kuibana plastiki, mihuri ya dhahabu. Chini ya meza, magunia ya unga. Upande wa pili makreti ya mbao, na juu ya kreti moja drili ya betri, aina ya Makita, iliyoachwa na mtu aliyekuwa akifunga vifuniko kwa skrubu, na bisibisi kando yake. Nje, chini bondeni, wanaume sita wenye bunduki walikuwa wakipakia lori la pili.

Mwisho wa banda palikuwa na ofisi ya mbao yenye dirisha pana lisilo na kioo.

Fundi alikuwa humo, amefungwa kwenye kiti. Mdomo umevimba. Sabuni yake imefunuliwa mezani kama samaki aliyepasuliwa.

Shangazi hakubadilisha mwendo. Dekio likaenda, dekio likarudi, mpaka akafika nyuma ya makreti, hatua kumi kutoka dirishani.

Harufu ya manukato ilimkuta hapo.

"Tazama, mheshimiwa!" Bwana Manukato alikuwa anacheka huku ameshika betri ya zambarau kwa vidole viwili. "Tazama! Zetu! Wananipeleleza kwa betri nilizowauzia mwenyewe!"

Mgeni hakucheka. Alivaa suti ya rangi ya maziwa na viatu ambavyo havikujua vumbi ni nini, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni.

"Je, kifaa hiki kimekwisha kutuma habari?"

"Kitume kwa nguvu gani? Za unga?"

"Nilizipima," Fundi alinong'ona. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mdomo. "Zilikuwa volti nne nukta moja."

"Zote zinaonyesha hivyo, babu. Ndiyo raha yake." Manukato akampiga kofi jepesi shavuni, kama mtu anayesifia ng'ombe. "Lori la pili likijaa, unashuka shimoni na jiwe lako mguuni. Maji yale hayana chini."

"Jambo hilo litachukua muda gani?" aliuliza Mgeni.

"Robo saa."

Robo saa. Na kutoka njia panda mpaka hapa, kwa gari linalokimbia, ni dakika kumi na mbili.

Shangazi alipiga magoti nyuma ya makreti na kutoa Sabuni ya pili kwenye ndoo. Ilikuwa na kitufe kimoja. Ukibonyeza mara moja inasema nipo hapa. Mara tatu, njooni. Akabonyeza. Kijani. Ikafifia. Ikafa.

Hakushangaa. Fundi alizitia Sabuni zote mbili betri za boksi moja.

Akazitoa zile za zambarau, akaziweka kando kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoondoa panya aliyekufa jikoni.

Kisha akavuta drili.

Betri ya drili haijisifu. Ndani ya tumbo lake jeusi kuna betri tano ndogo zilizopangwa, na nambari zao zimeandikwa kwa herufi ambazo mpaka uvae miwani. Lakini kazi yake ni kusukuma skrubu kwenye mbao ngumu, na mbao ngumu haidanganyiki kwa dhahabu.

Bisibisi ikazunguka. Skrubu nne. Tumbo likafunguka.

Moja, alijikumbusha. Siyo tano. Tano kwa pamoja zingeiunguza moduli kabla haijasema neno. Akatafuta ncha mbili za betri moja, ile ya pembeni.

Nyaya za Fundi zilikuwa nyembamba kama nywele za kichanga, ndefu na zimejikunja. Umeme ungechokea njiani. Akazikata. Akaokota sakafuni waya mnene wa shaba, akakata vipande viwili vifupi kama kidole.

Kisha akafungua pindo la kitambaa cha kichwani. Humo mlikuwa na kapasita, nene kama kidole gumba. Aliitia humo juzi, baada ya ugomvi, bila kumwambia mtu. Kapasita ni ndoo iliyojazwa kabla ya bomba kukatika: kelele ikija ghafla, moduli inachota hapo, volti haziporomoki.

Mstari mweupe wa kapasita, upande wa hasi wa betri. Akasokota. Akafunga kwa utepe wa tambara. Antena akaipenyeza nje kwenye tundu la bati.

"Kwa jina lako, Bwana," alinong'ona, akabonyeza.

Kijani.

Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Kijani.

Saba. Nane. Tisa.

Kijani, imara kama jicho la paka.

Akabonyeza mara tatu. Moduli ikapiga kelele, na betri ya drili haikukunja hata nyusi. Nusu dakika baadaye Sabuni ilitetemeka kwenye kiganja chake mara mbili.

Tumepokea. Tunakuja.

Dakika kumi na mbili.

"Basi, imetosha," ilisema sauti ya Bwana Manukato. "Kwa nini tungoje lori? Tummalize sasa, mheshimiwa ale vizuri." Juu ya meza yake kulikuwa na sanduku la kijivu, ndugu wa lile la langoni. Kitufe kimoja cha mlinzi, kimoja cha vijana wa bondeni. Akabonyeza cha pili. "Wanakuja wawili wenye nguvu."

Shangazi akasimama. Akachukua ndoo na dekio. Akaingia ofisini.

*

"Miguu," alisema. "Nadeki."

Mgeni, kwa malezi mema, aliinua miguu.

Bwana Manukato alikodoa macho. "Wewe nani?"

"Usafi."

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mlinzi kabonyeza. Umenyamaza. Akaniambia bosi kakubali."

Manukato aligeuka polepole, akalitazama sanduku lake kama mtu anavyomtazama mke aliyeitwa kwa jina na mwanaume asiyemjua. Fundi kwenye kiti alifumba macho na kushusha pumzi ndefu.

"Halijalia," alisema Manukato. "Halijalia hata mara moja."

"Litalia kwa nguvu gani?"

Akabonyeza tena kitufe cha vijana. Kwa nguvu, kwa dole gumba. "Kijani! Umeona? Wanakuja. Wanakuja sasa hivi, mama, na utajuta kuzaliwa."

"Hawaji." Shangazi alikamua dekio taratibu. "Kijani ni kuamka tu. Ukibonyeza linaamka, linataka kupiga kelele, linazimia. Mjini lilikuwa chini ya mnara, linanong'ona. Huku mnara uko nyuma ya vilima viwili. Linahitaji nguvu, na wewe umelilisha unga. Bonyeza tena kama unapenda. Taa yake nzuri."

Akabonyeza tena. Hakuweza kujizuia. Ikawaka. Ikafifia. Ikazimika.

"Saa yako bei gani?" Shangazi aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo kisahani. Nauliza tu. Mtu ana saa kama hiyo, na kwenye sanduku linalolinda roho yake anaweka takataka anazowauzia watoto wa wenzake. Nimefukuzana na wezi miaka kumi na minne. Wengi walikuwa wabaya. Wajinga kiasi hiki, wewe wa kwanza."

Mkono wa Manukato ulikimbilia droo.

Tambara likaanguka sakafuni. Beretta ilikuwa inamtazama katikati ya tai.

"Hii," alisema Shangazi, "nimeipima ikiwa kazini."

Mkono ukarudi juu ya meza.

"Piga kelele kama unataka. Jenereta lako linanguruma vizuri, Mungu alibariki."

Mgeni alinyanyua mikono kwa adabu. "Bibi, mimi ni mfanyabiashara tu."

"Na mimi mfagiaji tu. Kaa. Miguu juu, sakafu bado mbichi." Akamgeukia Manukato. "Mfungue shemeji yangu. Taratibu. Kamba za mguu kwanza."

Bwana Manukato alipiga magoti na suti yake ya Jumamosi kwenye maji machafu, akafungua.

Fundi akasimama, akajishika mgongo.

"Umechelewa, shemeji."

"Nilipitia chooni."

"Nilizipima, wallahi."

"Zikiwa zimelala."

Fundi akaokota kamba na kuwafunga wale wawili, mgongo kwa mgongo, kwa mafundo ya hasira.

Kule langoni, mlinzi aliona vumbi. Kisha akaona Land Cruiser tatu za kijani kibichi zimejaa watu waliovaa kofia za chuma. Dereva wa mbele akapiga honi.

Mlinzi alikuwa mtu wa utaratibu. Alibonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Akangoja nusu dakika. Bosi alinyamaza.

Akafungua lango.

*

Wale sita wa bondeni walikamatwa makreti yakiwa mabegani, bunduki zimeegemezwa kwenye tairi la lori. Hakuna risasi iliyolia.

Mkuu aliingia ofisini, akamtazama Manukato, akaitazama ile Sabuni iliyotolewa nyuma ya makreti, yenye utumbo wa drili unaoning'inia.

"Hii ndiyo iliyoita?"

"Ndiyo, Mkuu. Nene kidogo. Samahani."

Mkuu akakohoa. "Ofisa Ununuzi nimemwacha ofisini. Nimwambie nini?"

"Afunge begi. Nguo za kutosha."

"Wewe mama!" Bwana Manukato alipaza sauti pale sakafuni. Manukato yake yalikuwa yameshindwa na maji ya dekio. "Unajua mimi ni nani? Unajua?"

Shangazi alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, bila haraka, kama anavyotazamwa mbuzi mgonjwa sokoni.

"Najua. Umeandikwa elfu tisa mia tisa."

Akatoka.

Langoni mlinzi alikuwa amekaa chini na pingu mkononi, bado hajaelewa. Shangazi akachukua Nokia yake kwenye kopo la maziwa.

"Mama," mlinzi aliuliza kwa huzuni, "lakini si ilikuwa kijani?"

"Ilikuwa kijani, mwanangu." Akafikiri kidogo. "Choo bado hakijasafishwa. Waambie wakupe hiyo kazi, hakimu atalitazama hilo."

Nyuma ya kokoto aliinua Yamaha. Fundi akapanda nyuma, mdomo umevimba kama kitumbua, ndoo mapajani.

"Shemeji," alisema, "ile kapasita ulikuwa nayo tangu juzi?"

"Tangu juzi."

"Na hukuniambia."

"Ulisema nifagie."

Akatazama saa ya simu. Saa sita na dakika tano. Chakula cha mchana bado.

"Shika ndoo vizuri," alisema Shangazi, akapiga gia.